Kuketi Darasani kwa Mhadhiri Mwenzako: Mwongozo wa Kutazamana Vipindi

Mhadhiri akialikwa kwa mara ya kwanza kutazama kipindi cha mwenzake, maswali yake huwa yaleyale. Nikae wapi? Niandike nini? Nitatazama nini na somo lenyewe silijui? Nikimsikia anakosea, nimkatize? Anayetazamwa naye ana lake moja linalomnyima usingizi: hayo yatakayoandikwa yatafika kwa nani? Mwongozo huu unayajibu yote hayo kwa utaratibu ambao watu wawili wanaweza kuufuata wenyewe, bila bajeti wala mwezeshaji.

Kwa nini ujisumbue? Wahadhiri wengi walifundishwa utafiti kwa miaka mingi, kufundisha wakajifunzia kazini, mlango ukiwa umefungwa. Fomu wanazojaza wanafunzi hufika muhula ukiwa umekwisha, nazo husema wanafunzi walionaje, hazisemi dakika ya 20 kilitokea nini. Mwenzako aliyeketi nyuma na kalamu mkononi anaweza kukuambia.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Mwenza mmoja ambaye hana mamlaka juu yako, wala wewe huna juu yake. Si mkuu wa idara, si mjumbe wa kamati itakayokupandisha cheo, si msimamizi wako wa utafiti. Akitoka idara nyingine, ni sawa kabisa.
- Muda: dakika 20 hadi 30 za kikao cha awali, kipindi kizima bila kuondoka katikati, dakika 15 za kusafisha maandishi, na dakika 40 za kikao cha baada. Kwa kipindi cha saa moja, weka saa mbili na nusu kwa mzunguko mmoja.
- Daftari lenye kurasa zilizogawanywa safu tatu: muda, mhadhiri anafanya nini, wanafunzi wanafanya nini. Acha ukingo mwembamba kulia kwa maswali yako mwenyewe.
- Saa inayoonyesha sekunde. Ukitumia simu, izime sauti na mtetemo, na uiweke juu ya daftari ili wanafunzi waone kuwa huchati.
- Mpango wa kipindi kutoka kwa mwenye kipindi, hata kama ni mistari mitano.
- Mchoro wa mkono wa ukumbi: mlango, ubao, viti, njia za kupita.

Usianze na fomu ya vipengele 30 vya kupewa alama moja hadi tano. Fomu ya namna hiyo humfanya mtazamaji atumie kipindi chote akitafuta alama, huku kilichokuwa kinatokea mbele yake kikimpita.

Hatua

1. Kubalianeni maandishi ni ya nani. Fanyeni hivi kabla hata ya kupanga siku. Andikeni mistari michache na kila mmoja abaki na nakala: daftari linakabidhiwa kwa mwenye kipindi mwisho wa kikao cha baada, mtazamaji habaki na picha wala nakala, hakuna anayeyataja yaliyomo mbele ya mtu wa tatu, mwenye kipindi ana hiari ya kumwonyesha amtakaye. Hatua hii watu huiruka kwa kuwa wanaaminiana. Kisha siku moja mkuu anaomba ripoti, na mtazamaji hajui ajibu nini.

Kutazamana kwa ajili ya kujifunza kusichanganywe na ukaguzi wa kazi. Mhadhiri akijua kuwa cheo chake kimo ndani ya daftari hilo, atakuonyesha kipindi chake bora kabisa, alichokifundisha mara kumi, na nyote wawili mtatoka mikono mitupu.

2. Chagueni kipindi cha kawaida. Epukeni wiki ya kwanza ya muhula, kipindi cha marudio kabla ya mtihani, na siku ya mawasilisho ya wanafunzi. Kizuri zaidi ni kile ambacho mwenye kipindi mwenyewe hukionea shaka: mada ambayo kila mwaka wanafunzi huifeli, au darasa linalonyamaza kama limemwagiwa maji.

3. Fanyeni kikao cha awali, mtoke na swali moja. Mtazamaji aulize mambo manne tu. Mwisho wa kipindi wanafunzi waweze kufanya nini? Wameshafundishwa nini kabla ya hapo? Kipindi kimepangwaje, dakika kwa dakika? Na wewe unataka kujua nini?

Hilo la nne ndilo lenye kazi. Jibu la kwanza huwa “nataka kujua kama nafundisha vizuri,” na kwa jibu hilo mtazamaji hana pa kuelekeza macho. Endelea kulipunguza mpaka lipate umbo la kitu kinachoweza kuonekana au kuhesabiwa:

- Ninapouliza swali, nasubiri sekunde ngapi kabla ya kusema tena?
- Wanaojibu ni wangapi tofauti, na wameketi wapi?
- Kati ya dakika 60, ni ngapi naongea peke yangu?
- Ninapochora ubaoni, wa nyuma wanafanya nini?
- Nikiwapa kazi ya vikundi, inawachukua muda gani kuanza kweli?

Swali moja linatosha. Mawili ni kikomo. Mwenza akileta matano, mwambie abaki na lile ambalo jibu lake lingemfanya abadilishe kitu wiki ijayo.

4. Wataarifuni wanafunzi. Mwenye kipindi aseme mwanzoni, kwa sentensi mbili: mwenzangu yuko nasi leo, ananisaidia kutazama jinsi ninavyofundisha, hawatathmini ninyi. Basi. Asipotambulishwa, wanafunzi humdhania mkaguzi na hunyamaza. Akitambulishwa kwa hotuba ndefu, hugeuka mgeni rasmi.

5. Fika dakika 10 mapema, ukae pembeni. Kiti kizuri kiko upande mmoja wa ukumbi, kama theluthi mbili kutoka mbele. Hapo unaona nyuso za sehemu ya darasa, mikono inayonyooshwa, na ubao kama anavyouona mwanafunzi wa nyuma. Ukikaa nyuma kabisa katikati, utaona visogo. Ukikaa mbele, mwenye kipindi atajikuta anakufundisha wewe. Zile dakika 10 za mapema zitumie kuchora ukumbi na kuhesabu waliopo.

6. Andika kila dakika 2, na uandike kinachoonekana. Vipande vya dakika mbili si kipimo cha kubuni. Ndivyo ulivyo mfumo uitwao COPUS, uliochapishwa mwaka 2013 kwa masomo ya sayansi vyuoni, ambao humpa mtazamaji alama 25 za kuwekea vema: mhadhiri anaeleza, anaandika, anauliza, wanafunzi wanasikiliza, wanajadiliana, wanajibu. Kwa mara ya kwanza huhitaji alama zote hizo, lakini mwendo wa dakika mbili uuchukue kama ulivyo. Ni mfupi kiasi cha kushika mabadiliko, na mrefu kiasi cha kukuachia nafasi ya kuinua kichwa.

Tuseme swali ni “nasubiri sekunde ngapi?” na somo ni uchumi. Ukurasa wako uwe na sura hii:

*Dk 12–14.* Mhadhiri: anachora mistari ya mahitaji na ugavi, amegeukia ubao, anaeleza akichora. Wanafunzi: wananakili. Wawili wa mstari wa mwisho wanainuka nusu ili waone.

*Dk 14–16.* Mhadhiri: “Kipato cha wanunuzi kikiongezeka, mchoro huu utabadilikaje?” Sek. 1. “Mstari wa mahitaji utahama au hautahama?” Sek. 2. Anajibu mwenyewe. Wanafunzi: kimya. Mmoja, safu ya 4 kulia, alianza kunyoosha mkono akaurudisha.

*Dk 16–18.* Mhadhiri: “Na bei yenyewe ikipanda? Andikeni jibu kwanza, kila mtu.” Sek. 35 bila kusema. Wanafunzi: wengi wanaandika, jozi tatu zinanong'onezana. Mikono 5, miwili kutoka nyuma.

Tazama kilichomo kwenye mistari hiyo. Swali la kwanza lilimtaka mwanafunzi afikiri. La pili, lililokuja baada ya sekunde moja, lilihitaji neno moja tu, “utahama”. Mwanafunzi wa safu ya 4 alikuwa bado na lile la kwanza kichwani. Mwenye kipindi hakuweza kuuona mkono huo kwa kuwa alikuwa ameshageukia ubao. Sasa linganisha na mtazamaji aliyeandika: “Maswali hayakuwa mazuri, ushiriki ulikuwa mdogo.” Huyo ameandika hukumu, na hukumu haina la kufanyia kazi.

Sekunde za kusubiri zihesabu tangu neno la mwisho la swali mpaka mtu yeyote aseme, awe mwanafunzi au mhadhiri mwenyewe. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa walimu kwa kawaida walisubiri kama sekunde moja, na kwamba wakifikisha tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na wasiozoea kusema wakaanza kusema. Alifanya kazi hiyo katika madarasa ya watoto. Mhadhiri anayeona hayamhusu, mpe daftari lenye sekunde zake mwenyewe azisome.

7. Usiguse kipindi. Usijibu swali hata ukitazamwa. Usitikise kichwa, usicheke kabla ya darasa, usisaidie kikundi kilichokwama karibu nawe. Ukisikia kosa la kimaudhui, liandike ukingoni na dakika yake, umwambie mwenye kipindi faraghani mara tu baada ya kutoka, ili aamue mwenyewe kulirekebisha kipindi kijacho. Kosa la usalama maabarani ni jambo jingine. Hapo sema papo hapo.

8. Baada ya kipindi, kila mmoja aandike peke yake. Msianze mazungumzo mlangoni. “Ilikuwaje?” ya mlangoni hujibiwa “ilikuwa nzuri sana,” na jibu hilo huufunga mjadala kabla haujaanza. Mtazamaji achukue dakika 15 kusafisha maandishi: akamilishe maneno aliyoyakatiza, ajumlishe hesabu, afute kila neno la sifa au lawama. Mwenye kipindi naye, bila kuona daftari, aandike majibu ya mambo mawili: lile swali nadhani jibu lake ni nini, na ni dakika ipi nilihisi darasa limenitoka?

9. Fanyeni kikao cha baada ndani ya siku 2. Zikipita, mwenye kipindi hukumbuka alichokusudia na kusahau alichofanya. Fuateni mpangilio huu:

a) Mwenye kipindi anasoma alichoandika. Mtazamaji kimya.

b) Mtazamaji anaweka daftari mezani, wanasoma pamoja kurasa zinazohusu lile swali. Si daftari zima.

c) Mtazamaji anauliza, kwa sauti ya kutaka kujua: “Dakika ya 14 ulikuwa unawaza nini ulipouliza la pili?” Mara nyingi sababu huwa ya kweli kabisa: muda ulikuwa umebana, au kimya kilimtisha.

d) Mwenye kipindi anasema angependa kujaribu nini.

e) Hapo tu, na akiombwa, mtazamaji anatoa pendekezo. Moja.

Kishawishi kikubwa kiko kwenye (e): mtazamaji kuanza na “mimi darasani kwangu hufanya hivi.” Jizuie. Darasa lako lina watu 25 na lake lina 180. Dawa yako huenda ikawa sumu kwake.

10. Andikeni badiliko moja, dogo, lenye tarehe. “Nitaongeza ushiriki” si badiliko. “Kuanzia Jumatatu, nikiuliza swali la kufikiri nitasema ‘andikeni kwanza’, nitaweka chaki chini, nitasubiri mpaka nihesabu kumi kimoyomoyo” ni badiliko. Ile chaki msiidharau. Mkono wenye chaki hugeukia ubao wenyewe.

11. Rudi baada ya wiki 3 au 4, na swali lilelile. Mzunguko wa kwanza huonyesha hali. Wa pili ndio huonyesha kama kuna kilichohama. Usibadilishe swali hata kama umepata jingine tamu zaidi, kwa maana utakosa cha kulinganisha nacho. Tazama mada ya uzito unaokaribiana: kipindi kigumu ukikilinganisha na chepesi, utaona maendeleo ambayo hayapo.

12. Badilishaneni viti. Aliyetazama atazamwe katika muhula huohuo. Mkiliacha mpaka muhula ujao, huwa halifanyiki, na mmoja wenu hubaki akijiona ni mgonjwa na mwenzake daktari.

Vipindi visivyo vya kawaida

*Ukumbi wa watu 200 au zaidi.* Huwezi kuwatazama wote, usijaribu. Chagua wanafunzi kama 10 walio karibu nawe, uandike kila dakika mbili wangapi kati yao wanaandika, wangapi wanamtazama mhadhiri, wangapi wako kwenye simu kwa jambo jingine. Katikati ya kipindi hamia upande wa pili wakati wa kazi ya vikundi au mapumziko. Andika pia maneno ya ubaoni usiyoweza kuyasoma kutoka ulipo.

*Maabara na karakana.* Fuata kikundi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kipimo chenye faida zaidi hapa ni muda wa kusubiri: mkono umenyooshwa dakika ya ngapi, msaada umefika dakika ya ngapi, na katikati walifanya nini. Wengi hugundua kuwa kikundi cha karibu na meza ya mbele kinahudumiwa mara tatu kabla ya kile cha pembeni.

*Kipindi cha mtandaoni.* Ingia na kifaa chako, kamera na maikrofoni zimezimwa, jina lako likiwa wazi. Safu ya wanafunzi ijaze kwa kuhesabu majina tofauti yaliyoandika kwenye gumzo, na muda kati ya swali na jibu la kwanza. Sekunde 3 hazitoshi huku: mtu anahitaji kuandika, na sauti huchelewa. Anza na 15.

Mambo yakienda kombo

*Mwenza anasifu tu.* Swali lilikuwa pana mno, au anaogopa kukuudhi. Rudini hatua ya 3, mpe kitu cha kuhesabu. Hesabu haimlazimu mtu kuwa jasiri.

*Mwenye kipindi anajitetea kwa kila mstari.* Kagua maandishi yako kwanza. Maneno kama “haraka”, “hafifu”, “walichoka” yamepenya. Badilisha kila moja kwa ulichokiona: slaidi ngapi kwa dakika 10, wangapi walilaza kichwa mezani. Akiendelea kujitetea mbele ya hesabu tupu, funga daftari, mkabidhi, mpange siku nyingine. Mtu akilisoma peke yake nyumbani hulisoma kwa macho mengine.

*Darasa lilinyamaza kuliko kawaida kwa sababu yako.* Hutokea. Kaeni vipindi viwili mfululizo. Cha kwanza wakuzoee, cha pili uandike kwa uzito. Kama hakuna nafasi ya viwili, zile dakika 10 za mwanzo usizitie kwenye hesabu.

*Somo hulielewi kabisa.* Hiyo ni faida, hasa swali likiwa ni la maelezo. Andika dakika uliyopotea na neno lililokupoteza, kisha tazama wanafunzi walio karibu nawe wamefanya nini dakika hiyohiyo. Usichoweza ni kuhukumu usahihi wa maudhui. Hilo mwenye kipindi amtafute mtu wa fani yake.

*Maandishi yamejaa mwanzo, mwisho ni matupu.* Umechoka kuandika sentensi. Tumia vifupisho: M kwa mhadhiri, W kwa wanafunzi, S kwa swali, duara lenye namba ndani kwa sekunde. Pitieni vifupisho hivyo pamoja kabla ya siku yenyewe, la sivyo mwenye kipindi atakabidhiwa daftari asiloweza kulisoma.

*Kiongozi anataka ripoti.* Mpeni kile tu ambacho makubaliano ya hatua ya 1 hayakizuii: tarehe mlizotazamana, basi. Mwenye kipindi akitaka kuonyesha maendeleo kwenye jalada lake la ufundishaji, aweke ukurasa mmoja alioandika mwenyewe: swali lake, alichokiona, alichobadilisha, na hesabu za mizunguko yote miwili. Daftari ghafi lisiingie humo, maana lina watu ndani yake, akiwemo yule wa safu ya 4.

*Huna mwenza.* Rekodi sauti ya kipindi chako kwa simu iliyowekwa mezani, baada ya kuwaambia wanafunzi na wao kukubali. Usisikilize yote. Chukua dakika 15 za katikati, uhesabu maswali uliyouliza, sekunde ulizosubiri, na mara ulizojijibu mwenyewe. Sauti haikuonyeshi mikono iliyorudishwa chini, kwa hiyo endelea kumtafuta mwenza, lakini hesabu hizo tatu zinatosha kuandika badiliko lako la kwanza. Ukishamaliza kuhesabu, futa rekodi.